Jiwe linalogeuza mwanga halitoki ndani ya shimo

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama munaobaki hapa Vuhovi mukingojea simu kutoka carré, leo nataka tuongee juu ya torchi moja ya kijani na shamba moja la kahawa.

Torchi munaijua. Ni ile kalamu ndogo inayouzwa sokoni Butembo: unabonyeza, mstari wa kijani unatoka na kufika mpaka kilima cha ng'ambo. Watoto wanaipenda sana. Shamba nalo lilikuwa la jirani yangu mmoja, mtu wa haki, mwenye kuchimba dhahabu miaka mingi upande wa Manguredjipa. Leo si lake tena. Ile torchi ndiyo ilikula shamba.

Ilikuwa hivi. Jioni moja alikuja mgeni, amevaa vizuri, na sakoshi begani. Akasema anatumwa na wazungu wanaotafuta jiwe la leza, ile Wafaransa wanaandika laser. Akaomba wafunge madirisha. Akaweka jiwe jeupe juu ya meza, akapiga torchi chini yake. Jiwe lote likawaka kijani, kama kaa la moto lenye rangi ya majani. «Munaona? Hii jiwe inabeba mwanga. Ndiyo yenye banatia mu laser ya Bamarekani. Kilo moja ni nyumba ya étage!» Alikuwa anatafuta mtu wa kuweka pamoja naye pesa, wanunue kilo kumi kwa PDG mmoja wa shimo kabla mnunuzi hajafika. Jirani yangu akauza shamba. Mnunuzi hakufika. Mgeni naye hakuonekana tena. Mawe yangali chini ya kitanda.

Nimeyashika kwa mkono. Ni kwarzi, lile jiwe jeupe ambalo mwenyewe alilivunja kwa nyundo miaka yote akitafuta dhahabu ndani, kisha akalitupa. Sitataja jina lake. Haya aliyoipata inatosha. Na siandiki ili tumcheke, naandika kwa sababu yeye si wa mwisho. Kila mara tunapofukuzwa kwenye mashimo kwa vita, watu wenye sakoshi wanakuja na hadithi mpya ya jiwe jipya.

Neno langu ni hili. Kristali za kugeuza mwanga wa leza ziko kweli, na kazi yao ni ya kushangaza. Baadhi ya vitu vinavyozitengeneza viko hata katika ardhi yetu. Lakini kristali yenyewe haichimbwi. Inapikwa, tena na watu waliosoma kupika. Ambaye hajui hilo ataibiwa na torchi ya dola chache. Ngoja niwaeleze polepole.

Mwanga unatembea kwa mawimbi, kama maji ya ziwa. Wimbi la rangi nyekundu ni refu, la kijani ni fupi kidogo, la zambarau ni fupi zaidi. Tunayapima kwa nanometa: chukua milimita moja, uikate vipande milioni, kipande kimoja ni nanometa moja. Nyekundu ni kama 700, kijani kama 530, zambarau kama 400. Mwanga wenye wimbi refu kuliko nyekundu upo, unaitwa infraruji, lakini jicho haliuoni. Wenye wimbi fupi kuliko zambarau upo pia, unaitwa ultravioleti, nao jicho haliuoni. Haya matatu tuyashike, maana yatatusaidia kumkamata mwizi.

Sasa tufungue ile torchi. Mara nyingi, chanzo cha mwanga ndani yake si cha kijani. Kuna taa ndogo ya leza inayotoa mwanga wa infraruji wa nanometa 808. Mwanga huo unaamsha kristali ya kwanza, nayo inatoa infraruji nyingine ya nanometa 1064. Hiyo inaingia katika kristali ya pili, ndogo kuliko punje ya muchele, na hapo ndipo kazi inafanyika: chembe mbili za mwanga wa 1064 zinaungana na kuwa moja, yenye nguvu mara mbili na wimbi nusu. Nusu ya 1064 ni 532. Ni kijani! Ndivyo kijani kinavyozaliwa, kutoka mwanga ambao hakuna jicho liliuona.

Kwa nini basi mwanga wa jua ukipita katika kioo cha dirisha haugeuki hivyo? Kuna sababu tatu, na kila moja inavunja hadithi ya mgeni wa sakoshi.

Sababu ya kwanza ni nguvu. Mwanga dhaifu unapita ndani ya jiwe kama mtu anayepita barabarani bila kugusa kitu. Lazima mwanga uwe mkali mno, umebanwa mahali padogo, ndipo unatikisa vya ndani ya kristali mpaka vinajibu kwa wimbi jipya. Ndiyo maana kazi hii ilingojea leza ivumbuliwe. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, Mmarekani, kwa kutumia kristali ya rubi. Mwaka uliofuata, 1961, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwanga wa leza ya rubi, wa nanometa 694, ndani ya kristali moja. Upande wa pili ukatoka mwanga wa 347, ultravioleti. Ulikuwa kidogo sana, chini ya sehemu moja katika milioni. Kwenye bamba la picha ulionekana kama doa dogo tu, na wakati wa kuchapisha gazeti la kisayansi doa hilo likafutwa. Walidhani ni uchafu! Kwa hiyo makala iliyoleta habari kubwa ya kugeuza mwanga ilitoka na picha isiyo na mwanga wenyewe.

Na munajua kristali ile ya kwanza ilikuwa ya nini? Kwarzi. Ndiyo, lile jiwe jeupe la chini ya kitanda. Hapo mgeni wa sakoshi angeruka kwa furaha: «Niliwaambia!» Asubiri kidogo.

Sababu ya pili ni mpangilio wa ndani. Kristali ni kitu ambacho chembe zake zimepangwa kwa safu, kama matofali ya ukuta mzuri. Lakini kuna mipango ambayo ukiigeuza mbele nyuma inabaki ileile, na kuna mipango ambayo ina kichwa na mkia. Kwa kazi hii ya kupata nusu ya wimbi, ile ya kwanza haifai, ile ya pili inafaa. Mama zangu, mfano uko jikoni kwenu. Kristali ya chumvi ni ya mpango wa kwanza: haiwezi. Kristali ya sukari ni ya mpango wa pili: inaweza. Mahali penye leza kali, watu wa sayansi wameona sukari, ileile tunayotia katika chai, ikigeuza mwanga. Je, bei ya sukari sokoni imepanda juu ya hiyo? Hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia jiwe fulani ni la bei kubwa «juu linaweza kugeuza mwanga», mjibu kwamba hata sukari inaweza.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, lakini mchimbaji ataielewa haraka kuliko profesa. Munapovuta jiwe kubwa kutoka shimo kwa kamba, munafanya nini? Munaimba. Mmoja anaanza, wote wanajibu, na kwenye neno moja wote wanavuta. Kila mtu akivuta kwa wakati wake, watu kumi hawana nguvu ya watatu. Ndani ya kristali ni vilevile. Mwanga mpya unazaliwa mwanzoni mwa kristali, katikati na mwishoni. Lakini infraruji na kijani hazitembei kwa mwendo mmoja ndani ya jiwe, moja inakawia. Hapo kijani cha mwanzo na kijani cha katikati vinapishana, kimoja kinapanda wakati kingine kinashuka, na vinaumizana. Katika kristali nyingi hilo linatokea ndani ya umbali mdogo kama unene wa unywele. Ndiyo sababu kwarzi ya Franken ilitoa doa tu.

Dawa ilipatikana mwaka 1962: kuchagua aina ya kristali na kuikata kwa pembe fulani ambapo mawimbi mawili yanatembea kwa mwendo mmoja, yanavuta kwa wimbo mmoja. Pembe ikikosea kidogo, wimbo unavunjika. Joto likibadilika, wimbo unavunjika. Kukiwa na ufa au uchafu ndani, mwanga mkali unaweza kuipasua kristali. Sasa niambieni, jiwe lililovunjwa kwa nyundo na kubebwa ndani ya gunia juu ya moto mpaka Butembo litaimba wimbo gani?

Turudi basi kwenye meza ya jirani yangu. Torchi ya kijani ilipiga jiwe, jiwe likawaka kijani, watu wakaamini. Lakini fikirini: kijani ni 532. Kama jiwe lile lingegeuza mwanga, nusu ya 532 ni 266. Hiyo ni ultravioleti; jicho haliioni! Kwa hiyo kile walichokiona kwa macho yao ndicho kilikuwa ushahidi kwamba hakuna kilichogeuka. Kijani kiliingia, kijani kikatoka. Kilitawanyika tu ndani ya jiwe, kama kinavyotawanyika ndani ya kipande cha sabuni nyeupe au bonge la chumvi. Jaribuni leo jioni kwa sabuni. Itawaka vizuri vilevile, na hakuna atakayeuza shamba kwa ajili ya sabuni.

Haya, mtu ataniuliza: kama si jiwe la shimoni, hao wakubwa wa leza wanatumia nini? Swali zuri. Tuende kwenye mashine kubwa kuliko zote za kazi hii. Iko California, Marekani, katika maabara ya Lawrence Livermore. Ina mistari 192 ya leza, yote inalenga kitu kimoja kidogo. Mwanga wake unazaliwa ukiwa infraruji, nanometa 1053. Lakini wimbi refu haliingizi nguvu vizuri katika kitu kinachopigwa. Sehemu inapotea bure. Kwa hiyo kabla ya kufika, kila mstari unapita katika mabamba mawili ya kristali. La kwanza linageuza sehemu ya mwanga kuwa kijani, 527. La pili linachanganya kijani na infraruji iliyobaki, linatoa ultravioleti ya 351. Kwa mwanga huo, tarehe 5 Disemba 2022, walipiga punje ya hidrojeni kwa nguvu ya megajuli 2,05, nayo ikatoa megajuli 3,15. Ni moto wa aina ile inayowaka ndani ya jua. Ilikuwa mara ya kwanza katika maabara punje kama hiyo kutoa nguvu kuliko mwanga ulioipiga.

Na mabamba hayo ya kristali, yenye upana wa sentimita kama 40, yalitoka mgodi gani? Hakuna mgodi. Ni chumvi ya potasiumu na fosfati. Kwa maneno ya shamba, ni mbolea! Chumvi hiyohiyo inauzwa duniani kama mbolea ya kuyeyusha katika maji kwa maua na mboga. Wanaiyeyusha katika maji safi kabisa, wanaweka mbegu ndogo ya kristali, wanapunguza joto polepole, na kristali inakua ndani ya chombo kama kiazi ndani ya udongo. Zamani kupata kubwa hivyo ilichukua karibu miaka miwili. Kwa njia ya haraka, iliyoanzia kwa wataalamu wa Urusi, inachukua kama miezi miwili, na kubwa kati yake zilipita kilo 300. Mbolea ni ya bei ya mbolea. Kile kinacholipwa ni maji safi, joto lililolindwa usiku na mchana, na kichwa cha mtu anayejua.

Sasa nakuja kwetu, maana si kwamba hatuna kitu. Koltani munayobeba imeunganishwa kwa majina mawili: kolombo na tantale. Kolombo ni jina la zamani la niobiumu. Ukichukua niobiumu safi pamoja na lithiumu, kama ile inayosemwa sana Manono, ukaziyeyusha pamoja kwa joto la kupita nyuzi 1 200, kisha ukavuta polepole kristali huku inazunguka, unapata kristali moja kati ya zile muhimu kabisa za kugeuza mwanga. Inatumika tangu miaka ya 1960. Kristali hiyohiyo inafanya kazi pia katika vyombo vinavyopeleka intaneti ndani ya nyuzi za kioo. Ukitumia tantale badala ya niobiumu, unapata ndugu yake, ambayo imo ndani ya simu nyingi, ikichuja mawimbi ya mtandao. Hata hapa Kivu ya Kaskazini, Lueshe katika teritwari ya Rutshuru, iko miamba ya niobiumu ambayo kampuni ya SOMIKIVU ilichimba na madini yakapelekwa Ulaya.

Hapo tena tujihadhari tusijidanganye wenyewe. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za niobiumu ya dunia zinatoka Brazil, na nyingi inatiwa katika chuma ili kiwe kigumu. Inayokwenda kwenye kristali ni kidogo sana. Kwa kawaida gunia lako la koltani linalipwa kwa asilimia ya tantale. Niobiumu iliyo ndani inasafiri tu pamoja nayo. Hata kesho wakifungua kiwanda kipya cha kristali huko ng'ambo, bei kwenye comptoir haitaruka. Anayekuambia itaruka anataka kitu kwako.

Najua wako watakaosema: «Mukubwa, watu banakimbia vita, nyumba zinaungua, na wewe unatuletea habari ya mawimbi?» Nawaelewa. Mimi pia nimelala kwa jamaa na godoro kichwani. Lakini ni katika siku hizi ndipo mwizi anapata watu. Mchimbaji aliyefukuzwa kwenye shimo, asiye na kazi, mwenye watoto wa kulipia shule, ndiye anayefungua madirisha ya roho huku akifunga ya nyumba. Bunduki inachukua nyumba mchana, hadithi inachukua shamba usiku. Na wengine watasema: jambo hili ni la serikali, si la sisi wadogo. Sehemu ni ya serikali, sikatai. Lakini shamba la kahawa halikuuzwa na serikali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza: hakuna kununua wala kuuza jiwe kwa ushahidi wa torchi. Jiwe linapimwa. Wilaya zetu za madini zina huduma za serikali, SAEMAPE kwa kusaidia wachimbaji wadogo na CEEC kwa kupima na kuthibitisha madini ya kuuzwa nje. Kuna pia ile mashine ya mkono inayopiga miale na kusoma kilicho ndani ya madini. Kwenye koltani inasoma tantale na niobiumu pia. Koperative iulize karatasi yenye namba zote mbili, si moja. Labda niobiumu haitalipwa leo. Lakini mtu anayejua kilicho ndani ya gunia lake anaongea na négociant akiwa amesimama. Asiyejua anaongea akiwa amepiga magoti.

La pili: mutoe torchi za kijani mikononi mwa watoto. Hili ni la macho, na ni la haraka. Nimesema kijani kinazaliwa kutoka infraruji. Lakini haigeuki yote. Torchi nzuri ina kichujio kidogo cha kuzuia ile iliyobaki. Ile ya bei ya chini mara nyingi haina. Mwaka 2010, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza torchi moja ya bei ndogo iliyotoa mwanga usioonekana mwingi kuliko kijani chenyewe. Mwaka 2013 taasisi hiyo ilitangaza kwamba katika torchi 122 ilizozipima, karibu tisa kati ya kumi za kijani zilivuka kipimo kilichoruhusiwa. Jicho likipigwa na kijani linajifunga lenyewe. Likipigwa na infraruji halijui, linabaki wazi, na nyuma ya jicho panaungua bila maumivu. Mtoto hatalia. Miezi kadhaa baadaye mwalimu atasema haoni ubao. Msimwelekezee mtu usoni, wala moto inayopita, wala kioo. Na ile iliyofifia kijani chake musiseme imeisha nguvu. Inawezekana kinachogeuza ndicho kimeharibika, mwanga usioonekana ungalipo.

La tatu, na ndilo kubwa: shule. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema katika redevance inayolipwa na wenye vibali, asilimia 15 iende kwa entité ya mahali pa mgodi, yaani chefferie, secteur au commune, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pale ambapo pesa hiyo inaingia, tusiombe tu lori la mchanga na ofisi yenye rangi mpya. Tuombe chumba kimoja chenye meza, mizani, jiko la gesi na mwalimu wa fizikia anayelipwa. Na pale ambapo haiingii, koperative inaweza kuanza na kilo moja ya sukari. Sifanyi mzaha. Pasha maji, yeyusha sukari mpaka isiyeyuke tena, tundika uzi wenye punje chache za sukari, funika kwa kitambaa, usiguse siku kumi. Kristali zitakua kwenye uzi, zenye pembe zao. Mtoto aliyeona hilo kwa macho ameona kazi ileile inayofanywa California, ila kwa kipimo cha glasi. Hapo ataanza kuuliza: kwa nini polepole inatoa kubwa, na haraka inatoa ndogo? Kwa nini uchafu unaiharibu? Hayo ndiyo maswali ya mtu anayepika kristali.

Sisemi mtoto wa Vuhovi atajenga leza mwaka ujao. Nasema baba yake alivunja kwarzi miaka mingi, akaijua uzito wake, sauti yake chini ya nyundo, rangi ya mishipa yake, na bado mtu mwenye kalamu ya kijani alimdanganya kwa jiwe hilohilo. Hakukosa akili. Alikosa mtu mmoja tu ndani ya nyumba wa kusema: ngoja, 532 ukiigawa kwa mbili ni 266, na 266 haionekani. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu. Ingeokoa shamba.

Basi, jioni mtu akija na sakoshi, akaomba mufunge madirisha, musimpige wala musimtukane. Mumuulize swali moja: rangi gani imeingia, rangi gani imetoka? Kama ni kijani na kijani, mumfungulie mlango aende. Shamba libaki.